Anza na Gurudumu

Haya niliyazungumza Jumamosi alasiri chini ya mwarobaini, hapa Malindi, mbele ya vijana wa baiskeli, mafundi wenzangu na wazee waliokuja kututazama tu. Waliokosa wameomba niyaandike, nami nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni.

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote? Na ndugu zangu mliotoka Marafa na Magarini, mwasindadze?

Nimeombwa nizungumze juu ya kuunda baiskeli ya milimani. Kabla sijasimama, mzee wangu huyu hapa mbele ameninong'oneza: "Fundi, Malindi kuna mlima gani?" Swali la haki kabisa, mzee wangu. Mlima hatuna. Lakini mchanga tunao. Mawe ya matumbawe tunayo, yale yanayokata tairi kama msumeno. Mbigili tunazo. Makorongo ya Nyari kule Marafa tunayo. Na chumvi? Chumvi tunayo mpaka ndani ya upepo. Baiskeli ya milimani ni jina tu. Kazi yake ni njia mbovu, na njia mbovu, alhamdulillahi, hatujapungukiwa.

Leo siongei habari za baiskeli unayoikuta dukani imekamilika, unalipa, unapanda, unakwenda. Naongea habari za ile unayoiunda wewe mwenyewe. Fremu umeipata Mombasa kwenye mitumba ya Ulaya, foki umeuziwa na rafiki, kranki imetoka kwenye baiskeli ya marehemu mjomba. Hiyo ndiyo baiskeli yetu wengi tuliokaa hapa. Kweli si kweli?

Mwezi uliopita alikuja kijana kibandani kwangu, fremu begani. Fremu nzuri, ya aluminiamu, kijani kama embe bichi. Akatoa simu akanionyesha orodha yake. Gia ameandika za kampuni gani, za mwaka gani. Hendeli ameandika upana. Siti ameandika mpaka rangi ya uzi wa mshono. Nikateremka na orodha ile mpaka chini kabisa, nikaona: "Magurudumu: yoyote."

Yoyote! Nikamwuliza, mwanangu, hivi wewe unajenga nyumba kwa kuanza na pazia?

Ndugu zangu, anza na gurudumu. Fremu hata ikiwa nzuri namna gani haigusi ardhi. Kinachogusa ardhi ni tairi, na kinacholishika tairi ni rimu, na kinachoishika rimu ni spoki, na hapo ndipo pesa yako ikae kwanza. Gia utabadilisha mwakani. Siti utabadilisha Ramadhani ikiisha. Gurudumu baya litakuacha njiani wiki hii hii.

Waswahili tumesema mchagua nazi hupata koroma. Na mimi sipingi wahenga, lakini huyo aliyepata koroma nadhani alikuwa anachagua kwa macho. Nazi haichaguliwi kwa macho. Unaitikisa, unasikiliza maji. Na gurudumu ni vivyo hivyo, nitawaonyesha.

Swali langu kwa kila kifaa ni moja tu, na nitalirudia mpaka mchoke: kikivunjika Marafa, utakitengeneza na nini? Ndilo swali ninaloanza nalo kabla ya bei na kabla ya uzito. Jua liko utosini, uko kwenye mchanga mwekundu, simu haina mtandao. Utakitengeneza na nini?

Tuanze na ukubwa, maana hapa watu wengi wameliwa pesa zao, na mimi mwenyewe nimeliwa.

Tairi lina majina mawili. Lina jina la sokoni na lina jina la kitambulisho. Jina la sokoni ni inchi: 26, 27.5, 28, 29. Jina la kitambulisho ni milimita, limechorwa ubavuni kwa herufi ndogo mpaka uinamishe kichwa: 54-559, 57-622. Namba ya kwanza ni unene wa tairi. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Hiyo ya pili ndiyo isiyosema uongo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mteja mwenye baiskeli ya 29. Tairi la nyuma limekwisha, limepasuka ubavu. Nikapiga simu Mombasa. Muuzaji akaniambia, "Fundi, 29 zimeisha, lakini ninayo 28. Ni ndogo kidogo, itabana vizuri." Nikafikiri: 28 ni ndogo kuliko 29, nitalivuta kwa nguvu, litaingia. Nikatuma pesa, tairi likaja kwa basi jioni ile ile. Nikaliweka kwenye rimu. Jamani! Likaning'inia kama kanzu ya kuazima. Lilikuwa kubwa!

Linakuwaje kubwa? Ile 28 ilikuwa ya Black Mamba, hii baiskeli yetu nyeusi ya kubebea kila kitu. Kitambulisho chake ni 635. Na 29 ya milimani kitambulisho chake ni 622. Aliye na 28 amemzidi aliye na 29 kwa milimita 13! Hesabu gani hiyo? Hesabu ya majina ya sokoni, ya Waingereza na Wamarekani waliopima kila mtu kwa kamba yake. Hata 26 ziko zaidi ya moja. Ile ya milimani ni 559, na ile ya baiskeli za kike za zamani ni 590. Ukienda dukani ukasema "nipe 26" umejitakia mwenyewe. Sema 559. Muuzaji akikukodolea macho, chukua tairi umwonyeshe ubavuni.

Sasa uchague ukubwa gani? Kama fremu yako ni ya mitumba ya zamani, ya 26, baki na 26, usihangaike. Tairi zake ziko mpaka duka la kijijini linalouza mafuta ya taa. Kama wewe ni mrefu na njia zako ni za mchanga, 29 itakusaidia, sikufichi. Tairi la 29 lenye unene wa milimita 57 limelizidi la 26 kwa kimo cha vidole vinne hivi. Vidole vinne si vingi, lakini gurudumu kubwa linapita juu ya shimo ambalo dogo linatumbukia, na juu ya mchanga linalala kwa urefu zaidi, halizami upesi. Na 27.5? Sina ugomvi nayo, ni saizi nzuri, kitambulisho chake 584. Lakini nimeitafutia tairi madukani hapa mjini nikachoka mimi na miguu yangu. Likipasuka Marafa, utalitengeneza na nini?

Haya. Sasa njooni kwenye gurudumu lenyewe, na hapa nitakaa, mnivumilie.

Nani hapa amewahi kusikia habari za mtepe? Wazee wanatikisa kichwa. Vijana, mtepe ni chombo cha wazee wetu wa upande wa Lamu na visiwa vyake. Hakikupigiliwa msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kamba ikavutwa mpaka mbao zikakumbatiana, na chombo kile kikaingia baharini kikabeba boriti na watu. Kilichoshika mbao ni mvuto wa kamba.

Gurudumu ni mtepe. Chukua rimu tupu, uiweke chini ya goti, utaipinda. Chukua spoki moja, waya wa milimita 2 tu, utaukunja kwa vidole. Vyote viwili ni dhaifu. Lakini shona spoki 32 kutoka kwenye habu, yaani kile kitovu cha gurudumu, mpaka kwenye rimu, kila moja ikivuta upande wake, kila moja ikipishana na wenzake watatu njiani, halafu kaza. Sasa mpandishe mtu wa kilo 80 na gunia la mahindi. Linabeba, kwa sababu kila spoki inamvuta mwenzake.

Kwa hiyo swali la kwanza: spoki ngapi? Nenda kahesabu Black Mamba ya babu yako. Mbele 32, nyuma 40. Hao waliopanga hivyo walikuwa hawabahatishi. Mzigo unakaa nyuma, basi spoki ziongezwe nyuma. Kwa baiskeli ya milimani 32 mbele na 32 nyuma zinakutosha, na ukiwa mtu mzito au mbebaji, tafuta rimu na habu za 36 nyuma. Kwenye mitumba utakutana na magurudumu mazuri ajabu yenye spoki 24, mepesi kama unyoya. Yaache. Hayo ni ya mtu ambaye gari la msaada linamfuata nyuma. Wewe nyuma yako linakufuata nini? Vumbi.

Na matundu ya habu yawe sawa na matundu ya rimu. Mnacheka, lakini kuna mtu hapa hapa, simtaji, aliniletea habu ya 36 na rimu ya 32 akaniambia "fundi, hizo 4 ziache tu."

Spoki yenyewe iwe ya chuma kisichoshika kutu. Ukipata zile zilizopunguzwa unene katikati, milimita 2 kwenye ncha na 1.8 katikati, chukua hizo. Utasema, mbona nyembamba? Kwa sababu pale katikati inanyumbuka kidogo kama kamba nzuri, na shingo yake, pale inapojikunja kwenye habu, inapumzika. Spoki karibu zote nilizozitoa zikiwa zimekatika, zilikatikia shingoni.

Na ipi hukatika? Nimewauliza vijana wangu kibandani, wote wakajibu, iliyokazwa sana. La! Mara nyingi ni ile legevu. Waya unaukataje kama huna koleo? Unaupinda huku, unaupinda kule, huku, kule, mpaka unaingia moto, unakatika. Basi gurudumu likizunguka, spoki iliyofika chini inalegea kidogo kwa uzito wako, ikipanda inakazika tena. Kila mzunguko. Kilomita 20 tu za baiskeli ya 29 ni mizunguko kama 8,700. Spoki iliyokazwa vizuri inalegea kidogo, haijijui. Spoki legevu inalegea mpaka inacheza, na kucheza ndiko kunakoivunja.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nitalisema hadharani, maana aliyelilipa ni mtu maskini.

Mnavijua vijinati vidogo vinavyoshika spoki kwenye rimu, mafundi tunaviita nipo. Kuna nipo za shaba na kuna za aluminiamu. Za aluminiamu ni nyepesi na zinakuja kwa rangi: nyekundu, buluu, dhahabu. Miaka ile nilikuwa ndiyo nimeanza kuagiza vitu vya nje, kichwa kimejaa majina ya kampuni. Akaja mtu anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni. Anakwenda kazini kwa baiskeli, anarudi kwa baiskeli. Amejinyima, anataka gurudumu la nyuma la maisha. Nikamshonea gurudumu nzuri, rimu nyeusi, nipo nyekundu. Watu walisimama njiani kulitazama. Na mimi kichwa kikavimba.

Hakupita mwaka na nusu akarudi. Limeyumba, linagusa breki. Nikasema hili dogo, nikachukua spana ya spoki, nikaishika nipo ya kwanza nikageuza robo. Pu! Ikapasuka mkononi. Ya pili, pu! Ya tatu haikupasuka, iligoma kabisa, imeganda na spoki kama imechomelewa. Ile rangi nyekundu ikabanduka, na ndani yake nikakuta unga mweupe, kama chokaa. Aluminiamu na chuma vikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Inaliwa polepole, kwa ndani, huku nje inameremeta. Nilikata spoki zote 32 kwa koleo. Sikumtoza, lakini siku tatu alikwenda kazini kwa miguu, na sura yake ninaiona mpaka leo.

Nipo za aluminiamu kwa magurudumu mawili zinakupunguzia uzito wa gramu kama 40. Gramu 40! Yai moja la kuku linazidi hapo. Kwa ajili ya uzito usiofika yai, nilimuharibia mtu gurudumu lake. Tangu siku ile ni shaba tu. Shaba ile ile ya dele la kahawa, lililokaa kwenye mvuke na jasho miaka na miaka na bado linakwenda. Ukinunua gurudumu la mitumba, usijisumbue na sumaku: kwaruza nipo moja kwa kisu mahali pasipoonekana. Ikitoka njano, chukua. Ikitoka nyeupe na kisu kinazama kirahisi, jua unaishi pwani, mwache wa Nairobi aichukue.

Na kila ukirudi kutoka ufukweni, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Ndoo moja, kitambaa, tone la mafuta kwenye kila nipo. Basi. Wale wanaopita na baiskeli ndani ya maji ya bahari ili wapigwe picha, sina la kuwaambia, mteja ni mteja.

Tukienda ndani zaidi tunaikuta habu. Hapa kuna siri ambayo wauzaji hawaisemi. Habu ya nyuma ina namna mbili za kubeba meno ya gia. Namna ya zamani ni friwili, unaifunga kwa nyuzi juu ya habu kama kifuniko cha chupa. Namna ya pili ni kaseti, meno yanachomekwa juu ya mwili wa habu wenyewe. Kwa macho zinafanana. Tofauti iko kwenye ekseli. Kwenye friwili, gololi za upande wa kulia zinakaa ndani, mbali na fremu, na ekseli inabaki ndefu haina wa kuishika. Kwenye kaseti, gololi zimesogezwa nje karibu na fremu.

Kulikuwa na mchuuzi wa maembe kutoka Kakuyuni. Baiskeli ya gia saba, friwili, matenga mawili nyuma. Mara ya kwanza ekseli ilipinda, nikabadilisha, nikamlaumu yeye kwa mzigo. Mara ya pili nikailaumu barabara. Mara ya tatu nikakaa chini nikaitazama ile ekseli. Ilikuwa imepinda palepale, upande ule ule wa kulia, pale pasipo na gololi. Mzigo hauna kosa na barabara haina kosa. Nikamwekea habu ya kaseti. Ilipofika msimu wa pili wa maembe nilimwona sokoni, nikamwuliza ekseli, akaniuliza, "Ekseli ndiyo nini?" Hiyo ndiyo sifa tamu kuliko zote kwa fundi.

Na kabla hujalipa habu, pima. Rula ya mwanafunzi inatosha. Fremu nyingi za mitumba, nafasi ya gurudumu la nyuma ni milimita 135, na foki ni 100. Za kisasa zimepanuka, nyuma 148 na mbele 110, na ekseli zake ni nene, zinapita tundu moja kwa moja. Hazioani. Usidanganywe kwamba itavutwa ikae. Fremu ya aluminiamu haivutwi, inapasuka.

Tairi nitapita haraka. Adui yetu ni mbigili, na huko bara kidogo mwiba wa mathenge. Kuna watu sasa wanavaa tairi bila tyubu, ndani wanatia maji meupe mazito yanayoziba tundu yenyewe. Yanafanya kazi kama utomvu wa mfenesi: yakigusa hewa yanaganda. Kwa mbigili ni dawa kwelikweli, mwiba unaingia, unauchomoa, unasikia fsss, kimya, unaendelea. Lakini joto letu linayakausha. Usipoangalia kila miezi miwili mitatu, utafungua tairi ukute ngozi kavu tu. Kama huna uhakika wa kuyapata tena, kaa na tyubu na kiraka, hakuna aibu. Na kama unachagua rimu, chagua ile ya tundu kubwa, ya vali nene kama ya gari. Kila kituo cha petroli kinakujazia. Vali nyembamba ni nzuri, lakini pampu yake ukiisahau nyumbani, petroli stesheni watakutazama tu kama mgeni. Na ukiwa na tyubu usijaze kidogo mno: tairi likigonga jiwe mpaka rimu, tyubu inabanwa na kutoboka matundu mawili pacha. Huko si kwa mwiba, ni kwa uvivu wa kupiga pampu.

Breki. Mnajua hii michezo ya baiskeli za milimani ilianzaje? California, Marekani, kaunti ya Marin, kulikuwa na vijana wakichukua baiskeli nzito za matairi manene za kabla ya vita kuu ya pili, wakizipandisha mlimani kwa gari na kushuka nazo. Mwaka 1976, tarehe 21 Oktoba, wakafanya mashindano yao ya kwanza kwenye njia moja inayoshuka karibu mita 400 ndani ya kilomita 3 na kidogo. Breki zao zilikuwa za kukanyaga nyuma, ndani ya habu. Wakifika chini, habu imechemka mpaka grisi imegeuka moshi. Ikabidi kila wakishuka waifungue habu na kuijaza grisi upya. Njia ile wakaiita Repack, maana yake ni huko kujaza upya. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu mpya iliyokusudiwa kazi hiyo. Naye hakuwa na duka la kuagizia baiskeli ya namna ile. Aliunda kwa sababu vya zamani vilimwangusha, sawasawa na ninyi.

Kwetu, breki ya diski ni bora kuliko ya mpira unaobana rimu, kwa sababu mchanga uliochanganyika na maji unaila rimu kama msasa. Lakini diski ya nini, ya waya au ya mafuta? Ya mafuta ni laini, kidole kimoja kinatosha. Ikianza kuvuja Marafa, utaitengeneza na nini? Ya waya, waya wa breki unauzwa mpaka kwa muuza maandazi. Mimi baiskeli yangu ina waya. Ukiitaka ya mafuta lazima, tafuta inayotumia mafuta ya madini, kwa maana yale mengine ya aina ya magari yananyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu mnaijua.

Gia, msinipigie kelele, mimi nasema chache. Mbele sahani moja tu ya meno 32, na nyuma kaseti ya gia 8 au 9, kutoka meno 11 mpaka 34 au 36. Inapanda kila kilima tulicho nacho, na cheni yake unaipata. Hizo za 12 ni tamu, nimezipanda za wageni wa Kiitaliano, sikatai, ni tamu kama halua. Cheni yake ikikatika unaingoja kutoka Nairobi.

Cheni nayo pima kwa rula ya inchi. Pingili 12 nzima za cheni mpya ni inchi 12 kamili, pini kwa pini. Ikizidi moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ikizidi moja ya nane, umechelewa: imeshakula na meno ya kaseti, sasa unanunua vyote viwili.

Siti na hendeli? Kaa uone kama panauma.

Yule kijana wa fremu ya kijani, mtaniuliza. Alinuna siku ile, akaondoka na orodha yake. Baada ya wiki mbili akarudi na rimu mbili za matundu 32, habu za kaseti, 135 na 100, na kifurushi cha nipo za shaba ndani ya bahasha. Hendeli hana, siti hana, gia hana. Fremu imening'inia ukutani kwangu. Magurudumu tumeshona naye mwenyewe, usiku tatu. La nyuma ndilo hili hapa, nimekuja nalo.

Sasa dada yangu wewe, mwenye kofia ya manjano, njoo. Usiogope. Nimeilegeza spoki moja kwa makusudi, na sisemi ipi. Usitazame, maana kwa macho hutaiona. Zipige kwa ukucha moja moja, kama mpiga udi anavyojaribu nyuzi zake kabla ya taarabu. Huku upande wa meno zinalia juu, zote sauti moja. Upande wa pili zinalia chini zaidi, nazo zote sauti moja, kwa sababu habu imesogea na mvuto si sawa. Unatafuta ile inayolia kama ina mafua.

Nyamazeni kidogo basi, apate kusikia.